Mitungi ya resini ya kurudisha maji ya kusuuzia nikeli: maoni ya mtumiaji, Nyakato, Mwanza

Mwenye haraka asome hapa tu: mtambo huu wa mitungi ya resini, unaosafisha maji ya kusuuzia ili yatumike tena, unafanya kazi, na ningeununua tena. Lakini yale niliyoambiwa wakati wa kuuziwa, kwamba "ukishaufunga, mama, hutamwaga tena kitu", si kweli. Karakana itakayoununua kwa kuyaamini maneno hayo itakuja kujikuta na mapipa ya maji ya asidi yaliyojaa nikeli, na haina pa kuyapeleka. Ndiyo maana naandika kwa kirefu.

Karakana yetu iko Nyakato. Tunapiga nikeli na kromu, yaani tunavivika vyuma utando wa metali hizo kwa umeme: bampa za malori, ekzosi za pikipiki, mabomba ya masinki, vipuri vya mashine za kusaga, na rodi za haidroliki zinazoletwa kutoka upande wa Geita. Asiyeijua kazi hii aelewe jambo moja, mengine yote yatafuata. Kifaa kikitoka kwenye tangi la nikeli hakitoki kitupu; kinatoka na dawa iliyokishika mwili mzima, kwenye kona, kwenye matundu ya skrubu, ndani ya bomba. Dawa ya nikeli ya kawaida ina salfeti ya nikeli, kloridi ya nikeli na asidi ya boriki, na katika lita moja kuna karibu gramu 75 za nikeli tupu. Dawa hiyo ni lazima isuuzwe kabla kifaa hakijaingia kwenye kromu. Kwa miaka mingi, kusuuza kwetu kulikuwa ni tangi moja, bomba wazi la kama lita 1,000 kwa saa, na mtaro nje.

Sasa piga hesabu. Shirika la Afya Duniani linakubali miligramu 0.07 tu za nikeli katika lita ya maji ya kunywa. Lita moja ya ile dawa, ukitaka kuizimua mpaka ifike kiwango hicho, inataka maji zaidi ya lita milioni moja. Maji ya bomba ya jiji hili yanatoka ziwani, kwenye mitambo ya Capri Point na Butimba, na mitaro yetu nayo inarudi huko huko ziwani. Metali haiozi. Haifi kwa jua kama kijidudu, wala haipungui kwa kukaa. Samaki wa soko la Mwaloni ninaowanunua mimi ndio hao hao anaowanunua mteja wangu. Sikuhitaji ofisa yeyote aje kunishawishi.

Mtambo wenyewe si mkubwa. Yaliyokuja ni tangi la kukusanyia maji, pampu ndogo, chujio la nyuzi la kuzuia vumbi na chembe, mtungi wa mkaa maalumu, kisha mitungi miwili mirefu ya faiba yenye resini, lita 50 kila mmoja. Maji ya kusuuzia yanavutwa, yanapita kote humo, yanarudi kwenye tangi la mwisho la kusuuzia. Resini ni punje ndogo za mviringo, nyingi hazifiki milimita moja, zimetengenezwa kwa plastiki iliyotiwa kemikali. Mtungi wa kwanza unashika ioni chanya, yaani chembe za metali zenye chaji ya umeme zilizoyeyuka majini: nikeli, kalsiamu, sodiamu, na unaachia haidrojeni badala yake. Maji yakitoka hapo ni ya asidi. Mtungi wa pili unashika ioni hasi, yaani salfeti na kloridi, na unaachia haidroksidi. Haidrojeni na haidroksidi zikikutana zinakuwa maji. Hapo hakuna uchawi. Ni ubadilishanaji, nipe nikupe, mpaka resini iishiwe cha kutoa.

Kuhusu ubora wa maji yanayorudi, sina lawama hata moja. Maji yetu ya bomba ni mepesi, kipimo cha upitishaji umeme, kinachoonyesha wingi wa chumvi majini, kikisoma karibu mikrosimensi 100 kwa sentimita, kwa sababu ziwa lenyewe lina chumvi kidogo sana. Maji yanayotoka mtungi wa pili, resini ikiwa na nguvu, yanasoma chini ya 20. Maana yake tunasuuzia maji safi kuliko yale yanayoingia kutoka mtaani. Madoa yale ya ukungu kwenye kromu, ambayo tulizoea kuyafuta kwa kitambaa kifaa kikikauka, yamekwisha. Mteja wa bampa haoni mtambo, lakini doa analiona.

Na hili wenzetu wa kando ya ziwa walijue, kwa sababu wauzaji wanakuja na mahesabu ya miji yenye maji ya kisima yenye chumvi: resini yako hapa haitachoshwa na chumvi ya maji yenyewe. Karibu nguvu yake yote inakwenda kwenye nikeli. Kwa hiyo ukiambiwa ununue mtungi mkubwa zaidi "kwa sababu ya ugumu wa maji", omba kwanza maji yapimwe. Mwenye kisima cha chumvi ana hesabu nyingine, huyo amsikilize muuzaji.

Lakini kabla ya mtambo kuna kazi ya matangi, na hapa ndipo fedha nyingi huokolewa kwa gharama ndogo. Sisi tulianza kwa kuweka tangi moja lisilotiririka mara tu baada ya tangi la dawa. Kifaa kinaachwa kining'inie juu ya dawa, fundi anahesabu hadi kumi taratibu, ndipo kinachovywa humo. Dawa ya nikeli inafanya kazi ikiwa na nyuzi 55 hadi 60, inafuka kutwa nzima na kiwango chake kinashuka. Basi asubuhi tunajazia kwa maji ya lile tangi lisilotiririka. Nikeli inarudi nyumbani kwa ndoo, bila resini, bila umeme.

Baada ya hilo yakafuata matangi mawili ya kusuuzia, maji yakiingia tangi la mwisho na kumwagikia la kwanza, kifaa kikienda kinyume chake. Faida yake ni ya hesabu tupu. Kwa tangi moja, ukitaka kuizimua dawa mara 1,000, unahitaji lita 1,000 za maji kwa kila lita ya dawa iliyobebwa. Kwa matangi mawili ya kinyume, lita 32 hivi zinatosha. Kwa matatu, lita 10. Ni maji tu yanayopungua hapo. Nikeli inayobebwa ni ile ile. Kinachopunguza nikeli ni lile tangi lisilotiririka na subira ya fundi. Nimeona watu wakichanganya mambo haya mawili, na muuzaji wangu pia aliyachanganya: alitupangia ukubwa wa mitungi kwa kuangalia maji yanayopita, wakati mtungi unashiba kwa metali, haushibi kwa maji.

Nasema unashiba kwa sababu ndilo neno la mafundi wangu. "Mama, wa kwanza umeshiba," mzee anayesimamia nikeli ataniambia, nami najua siku hiyo kuna kuchaji, yaani kuirudishia resini nguvu yake kwa kemikali. Lita moja ya resini ya ioni chanya, kwa makadirio ya kazi halisi, ina uwezo wa kushika kama gramu 30 za nikeli kabla haijaanza kuvuja, yaani kuiacha nikeli ipite. Lita 50 ni kilo moja na nusu. Kwa sisi, tangi lisilotiririka likifanya kazi yake, hiyo ni kama mwezi. Bila tangi hilo ingekuwa wiki moja na kidogo, na hakuna karakana ndogo itakayovumilia kuchaji kila wiki.

Udhaifu wa kwanza wa mtambo uko hapo kwenye kujua mtungi upi umeshiba. Kipimo cha upitishaji umeme kimefungwa mwisho tu, baada ya mitungi yote miwili. Namba ikipanda unajua kuna tatizo, hujui ni la nani. Tumejifunza kutumia karatasi ya pH, ya kupimia asidi na magadi, nayo inasema wazi: maji ya mwisho yakiegemea asidi, mtungi wa pili ndio umechoka, yakiegemea magadi, wa kwanza ndio unavuja. Ule wa kwanza kuvuja ni jambo baya kuliko linavyoonekana, kwa sababu nikeli ikiingia mtungi wa pili inakutana na haidroksidi na kuganda humo humo kama tope la kijani ndani ya resini. Kulisafisha ni kazi ya kutwa. Mtambo wenye akili ungekuwa na mitungi miwili ya ioni chanya kwa mfuatano, wa mbele ukivuja wa nyuma unadaka, kisha unauchaji wa mbele na kuugeuza uwe wa nyuma. Nimeshaulizia mtungi wa ziada. Ungekuja tangu mwanzo ningeongeza nyota.

Kuna na asidi ya boriki. Kipimo cha umeme hakiioni kabisa kwa sababu karibu haiachii ioni. Mtungi wa pili unaishika kwa udhaifu, na ndiyo ya kwanza kuachiwa. Kwa hiyo inajilimbikiza taratibu kwenye maji yanayozunguka, huku kipimo kikisema kila kitu ni kizuri. Dalili yake ni utando mweupe mwembamba kwenye kifaa kilichokauka. Dawa yake ni kutoa sehemu ya maji kila wiki na kuyapeleka kwenye tangi la kusafishia, kisha kujazia mapya. Hakuna ukurasa hata mmoja wa kitabu cha maelekezo uliogusia hili, na kitabu chenyewe chote ni cha Kiingereza. Mafundi wanaofungua na kufunga valvu za asidi wanastahili maelekezo wanayoweza kuyasoma. Nimeyaandika upya mwenyewe kwa Kiswahili, yamebandikwa ukutani, na muuzaji nimempa nakala awape wengine.

Sasa kuchaji. Mtungi wa kwanza unataka asidi na wa pili unataka kostiki, yaani sodiamu haidroksidi. Muuzaji alituelekeza kutumia asidi ya haidrokloriki, lita 15 hivi ya asilimia 33 kwa resini yetu. Inafanya kazi, ila nikeli inatoka ikiwa kloridi, na kloridi nyingi kwenye dawa yetu hatuitaki. Tukahamia asidi ya salfuriki, kilo saba hadi nane, ili nikeli itoke ikiwa salfeti, kitu ambacho tangi letu linakila kila siku. Kwa maji yenye kalsiamu nyingi hili lina hatari, jasi huganda katikati ya punje. Tena hapa ziwa linatusaidia. Hata hivyo tunaanza na asidi nyepesi ya asilimia 2 ndipo tunapanda. Asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji. Kumimina maji juu ya asidi ni mwiko. Miwani, glovu ndefu, aproni, na bomba la maji safi karibu. Resini ya pili inataka kilo tano za kostiki kwenye maji kama lita 125, kisha kusuuzwa mpaka kipimo kishuke.

Ukimaliza, una mapipa, na hapo ndipo maneno ya "hutamwaga kitu" yanapoanguka. Resini haiui metali. Imeikusanya kutoka kwenye maji mengi na kukukabidhi kwenye maji machache. Sisi tulikuwa tunamwaga lita 8,000 kwa siku. Sasa kwa mwezi mzima tuna lita mia kadhaa za kuchaji na zile za boriki. Ni ushindi mkubwa, nami naufurahia kila nikiipokea ankara ya maji. Lakini lita hizo mia kadhaa ni kali, na mtu akizimwaga mtaroni amefanya jambo lile lile la zamani kwa mkupuo mmoja.

Tunafanya hivi. Sehemu ya kwanza ya asidi inayotoka mtungini, ile ya kijani iliyokolea, tunaiweka kando. Tangi la nikeli kwa kawaida yake pH hupanda lenyewe kadiri unavyofanya kazi, na huwa tunalirudisha kwa asidi ya salfuriki. Sasa tunalirudisha kwa maji hayo ya kijani, yenye asidi na nikeli pamoja, kidogo kidogo, baada ya kuyapima chuma na shaba, maana resini hushika na hizo pia na zikiingia kwenye dawa zitaharibu mng'ao. Yanayobaki tunayachanganya na kostiki iliyotoka mtungi wa pili, tunapandisha pH hadi karibu 10, nikeli inaganda, tunaiacha itulie na kuichuja. Lile tope ni taka hatarishi, si la dampo la mtaa, linahifadhiwa kwenye pipa lenye mfuniko na kuchukuliwa na mwenye kibali cha taka za aina hiyo. Atakayeuziwa mtambo huu bila kuuziwa tangi la kugandishia na chujio la tope ameuziwa nusu.

Kromu hatukuiweka humo, ingawa tulishawishiwa sana kuunganisha kila kitu kwenye mitungi ile ile. Kromu ya tangi letu ni ya aina ya sita, inayosababisha saratani, na asidi yake inaila resini yenyewe, inaivunjavunja punje. Karakana kubwa zinaweza kuisafisha kwa mitungi ya peke yake, maji yakiwa mepesi sana. Kwa ukubwa wetu, tuna matangi yasiyotiririka kwa ajili ya kromu, na yale yanayohitaji kutolewa tunayashusha hadi pH 2 au 3, tunatia sodiamu metabisalfaiti, rangi inageuka kutoka manjano ya machungwa kwenda kijani, ishara kwamba imekuwa kromu ya aina ya tatu, kisha chokaa mpaka pH 8 au 9, igande. Ni kazi ya zamani na inaeleweka.

Na kwa wale wanaotumia sayanaidi kwenye shaba au zinki, nawasihi: maji yenu yasikaribie mtambo huu. Mtungi wa kwanza unatoa asidi, na asidi ikikutana na sayanaidi hutoa gesi inayoua. Muuzaji hakutuuliza kama tunaitumia. Hatuitumii, lakini swali hilo lilipaswa kuwa la kwanza kabisa kutoka mdomoni mwake. Maji ya kuoshea mafuta na sabuni nayo yasipite humo. Mafuta yanaifunika resini nayo inakufa kabla ya wakati.

Huduma yao kwa jumla: ufungaji ulikuwa safi, mabomba ya plastiki yamegundishwa vizuri, hakuna tone lililovuja hadi leo. Fundi wao kijana alikuwa na heshima na uvumilivu, akiwafundisha vijana wangu na kurudia bila kuchoka. Alituhimiza tusiache resini ikauke umeme ukikatika au tukifunga karakana kwa sikukuu. Hili ni kweli, punje zikikauka na kuloweshwa ghafla hupasuka. Lakini hawakuleta sinia la kudakia asidi chini ya mitungi. Ilibidi tujenge ukingo wa saruji wenyewe.

Upande wa vibali, anza mapema. Asidi na kostiki kwa kiwango hiki ni kemikali zinazosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, unahitaji usajili. Maji yoyote utakayotoa nje yana mambo yake na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, watataka kuona tope linakwenda wapi. Weka daftari la kuchaji: tarehe, kiasi cha asidi, pH, kipimo cha mwisho. Ukiulizwa, unafungua daftari.

Nyota nne kwa mtambo, tatu kwa walioutuuzia. Bei siitaji kwa sababu inabadilika na ukubwa wa mitungi, lakini ukiwa mezani na muuzaji, taka kwa maandishi kwamba atakupa kipimo katikati ya mitungi, mtungi wa pili wa ioni chanya, tangi la kugandishia, sinia la kudakia, na maelekezo ya Kiswahili. Na kama karakana yako inapiga nikeli mara moja moja tu, vifaa vichache kwa wiki, usikope fedha kwa ajili ya resini. Nunua matangi matatu ya plastiki, moja lisitiririke, mawili yaende kinyume, na ujazie dawa kwa maji ya lile la kwanza. Yanakutosha.